Dari Juu ya Bwawa la Ardis

Mwezi wa nne, Ardis Karvonen alianguka jikoni kwake akiwa ameshika sinia la mkate wa iliki, na alipoinuliwa, upande wake wote wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Kiharusi. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, mpishi mstaafu wa shule yetu, mwanamke mwenye sauti ya kunyamazisha ukumbi mzima wa watoto bila kuinuka kitini. Wiki sita za hospitali zilimrudishia maneno yote na mkono nusu. Mguu ukagoma. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi asiyependa kuzungukazunguka, alimwambia mumewe waziwazi kwamba mguu ule ungerudi ndani ya maji ya uvuguvugu, kila siku, kwa mwaka mzima bila kukatiza. Wakikatiza, wazoee kiti cha magurudumu.

Bwawa la namna hiyo lilikuwa kule hospitalini, maili themanini kutoka kwao. Wakati wa kiangazi hizo ni maili themanini tu. Lakini theluji ya ziwa, ile inayobebwa na upepo wa ziwa kubwa linalotuzunguka, ikishaanza kumwagika juu ya rasi yetu ya Keweenaw, hizo si maili tena, ni kamari. Sisi huku theluji tunaipima kwa futi, na mwaka ambao haikuvuka futi kumi na tano wazee wanalalamika kwamba dunia imeharibika.

Melvin Karvonen, mumewe, hakumjibu yule mtaalamu. Kujibu watu si kawaida yake. Amefanya useremala kwa miaka arobaini, mrefu, mabega yameanza kuinama, na maneno yake kwa siku yangeenea kwenye kiganja. Huku kwetu mapaa huanguka kila theluji ikizidi, la jirani, la ghala, hata la kanisa liliwahi kuanguka, lakini paa alilojenga Melvin halijawahi. Kila mtu alilijua hilo, naye alijua kwamba wanalijua. Siku aliyomrudisha mkewe nyumbani alitoka nje na kamba na vigingi, akaanza kupima upande wa jikoni.

"Unafanya nini huko, Mel?" Ardis akapaza sauti dirishani.

"Nakujengea bwawa."

"Bwawa! Hapa? Januari nitaogelea au nitateleza kwa viatu vya barafu?"

"Litakuwa ndani ya nyumba."

Ardis alimtazama kwa muda akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, kisha akaanza kulia. Alilia kwa jicho moja zaidi ya jingine, maana upande ule ulikuwa bado mzito. Melvin aliendelea kupigilia kigingi kilekile hata baada ya kuzama chote.

Sasa, chumba cha bwawa si chumba kama vingine, na yeyote anayedhani ni kibanda chenye shimo la maji ndani atalia siku moja. Ni sufuria iliyofunikwa. Maji ni ya moto, nje ni baridi ya kukata masikio, na mvuke usiku na mchana unapanda kutafuta upenyo. Ukipata upenyo kwenye dari, utaingia kwenye pamba ya kuzuia baridi, utafika kwenye mbao za paa, utaganda pale. Utaganda juu ya ulioganda jana. Wewe uliye chini huoni kitu mpaka siku barafu yote hiyo itakapoyeyuka. Ndiyo maana kabla ya kupigilia mbao za dari, fundi hutandaza nailoni nene chumba kizima, kisha kila inapoungana anaifunga kwa tepu maalumu, pande zote, bila kuacha hata tundu la msumari. Melvin aliwahi kuona hoteli moja ya wasafiri iliyopuuza jambo hilo. Aliona paa lake likiwa ndani ya bwawa.

Tangu mwezi wa sita, wanaume wa kitongoji walikuja kila Jumamosi. Hakuna aliyelipwa wala aliyetaka kulipwa, ndivyo tunavyojengeana tangu enzi za babu zetu waliotoka Ufini kuchimba shaba. Wanachimba, wanamwaga zege, wanakula sambusa kubwa za nyama na viazi, jioni wanaingia kwenye chumba cha mvuke na kutoka wekundu. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Leroy Niemela, mdogo wake Ardis, dereva wa greda la theluji, mtu mwenye moyo mkubwa na mdomo mkubwa zaidi. Nyumba yake iko ng'ambo ya barabara, kwa hiyo hakukosa hata siku moja.

Kuta zikasimama. Kenchi za paa zikapanda. Paa likaezekwa mwezi wa kumi, theluji ya kwanza ikalikuta tayari. Yote yalikwenda sawa mpaka tarehe kumi na nne Novemba.

Tarehe kumi na tano ndiyo siku ya kwanza ya kuwinda kulungu. Huku kwetu mtu anaweza kukosa harusi ya mwanawe akasamehewa, lakini asipoonekana kambini siku hiyo watu watauliza amelazwa hospitali gani. Shule zinafungwa. Daktari wa meno anafunga. Kwa hiyo siku ile ya kumi na nne wanaume walitandaza nailoni ya dari kwa haraka ya watu wanaokimbizwa, na ilipofika saa sita mchana walikuwa wameshavaa makoti ya rangi ya chungwa. Melvin aliwaruhusu waende. Alibakiwa na kona moja tu, juu ya ngazi za kuingilia majini.

Saa saba tepu ikamwishia. Pengo lililobaki, pale nailoni inapokutana na ukuta, lilikuwa na urefu wa mtu mzima aliyelala. Akachukua pikapu hadi dukani. Mlangoni kulikuwa na karatasi imebandikwa: *Tumeenda kambini. Rudini tarehe ishirini.* Melvin alisimama pale akiisoma kana kwamba akiirudia ingebadilika. Duka jingine lilikuwa saa moja na nusu kwa gari, na lenyewe huenda lilikuwa na karatasi yake.

Aliporudi, Leroy alikuwa ameshawasha gari lake uani, anapiga honi.

"Shemeji! Toka humo! Kulungu hawasubiri misumari!"

"Nakuja."

"Ulisema nakuja saa mbili zilizopita. Au umeanza kuogopa baridi? Nikuazime shali ya dada?"

Melvin akapanda ngazi, akaivuta nailoni ikafunika pengo, akaibana kwa pini za stepla, chache. Ilining'inia kidogo. Akajiambia mbao za dari hazitapigiliwa mpaka yeye mwenyewe arudi, na akirudi atakuja na tepu. Ilikuwa kweli. Binti yao Janelle alikuwa amekuja kutoka mji wa Duluth kukaa na mama yake, na Ardis mwenyewe ndiye aliyemwambia aende, kwamba akibaki atamkodolea macho wiki nzima kama mfungwa.

"Umeziba kote?" Ardis alimuuliza pale mlangoni, akimfunga kifungo cha juu kwa mkono wake mmoja.

"Nimeziba."

Akambusu, akapanda gari.

Kambini Melvin alilala vibaya. Wenzake walipomuuliza, alisema ni mgongo.

Leroy alipata kulungu dume mwenye pembe za ncha nane siku ya pili, na mtu akishapata wake mapema hana la kufanya ila kuwaudhi wenzake. Kwa hiyo akarudi nyumbani na marafiki wawili waliobahatika kama yeye, na njiani akapata wazo. Mbao za mwerezi za dari zilikuwa zimepangwa uani, zimekaushwa, zimepigwa randa. Kwa nini wasimfanyie Mel zawadi? Wakazipigilia zote. Siku tatu, kwa uangalifu wa watu wanaojua nani atakuja kukagua, mshono hadi mshono. Tarehe ishirini na mbili Melvin alipoingia na begi lake begani na tepu mpya mkononi, alikuta chumba kizima kinanukia mwerezi, Ardis yuko katikati kwenye kiti chake ameinua uso juu, analia na kucheka, na Leroy amesimama pembeni mikono kiunoni kama bwana harusi.

"Haya, fundi. Sema neno. Tumeharibu?"

Melvin alitazama dari. Akatazama ile kona ya juu ya ngazi. Hakukuonekana kitu, ubao umefuata ubao, misumari imenyooka. Alihitaji kusema sentensi moja tu. Ng'oeni mbao sita pale, niliacha pengo. Basi. Wangenung'unika, Leroy angemtania mpaka Krismasi, kazi ingechukua nusu siku. Lakini ili kuisema ilibidi aseme pia kwamba alimdanganya mkewe mlangoni, na kwamba paa la juu ya kichwa cha mkewe aliliacha wazi kwa ajili ya kulungu. Wote walikuwa wanamtazama. Ardis alikuwa anamtazama.

"Zimenyooka," alisema.

"Zimenyooka! Mmesikia? Kwa Mel hiyo ni hotuba!"

Wakacheka wote. Melvin akaiweka tepu kwenye mfuko wa koti.

Desemba maji yakajazwa, yakapashwa moto. Kila siku saa nne asubuhi Melvin alimshusha mkewe kwenye zile ngazi, yeye ameshika kiuno, Ardis ameshika reli, na wakiwa majini Ardis alianza kutembea kwenda na kurudi akihesabu duru kwa sauti ile ya ukumbi wa chakula. Wiki ya kwanza mguu ulikuwa unaburuzwa. Kabla ya Krismasi alipiga hatua tatu bila kushika kitu. Mwezi wa kwanza alitoka chumbani kwa bakora hadi mezani, akaketi mwenyewe, akaomba kahawa kwa kiburi. Yule mtaalamu alipiga simu akasema jambo ambalo si kawaida yake kulisema: endeleeni hivyohivyo, msikatize hata wiki.

Na mwezi huohuo Melvin aliona vijiti vya barafu vya rangi ya chai.

Vijiti vya barafu kwenye ukingo wa paa huku kwetu si habari. Lakini vile vya kawaida ni vyeupe. Hivi vilikuwa vya hudhurungi, na vilikuwa upande mmoja tu, juu ya kona ile. Maji yaliyopita kwenye mbao ndiyo hutoka na rangi hiyo. Melvin alivigonga vyote kwa mpini wa beleshi, akavifukia kwenye theluji kabla ya mtu kuviona. Kesho yake vilikuwa vimeota tena. Akavigonga tena, kila alfajiri, kabla ya kahawa, mwanaume mzima wa miaka sitini na mitatu anaficha barafu.

Angeweza kuifungua dari hata wakati huo. Lakini sasa haikuwa kazi ya nusu siku. Pamba ilishalowa na kuganda, ingebidi itolewe, mbao za paa zikaushwe, chumba kipoe, maji yapoe. Wiki sita, labda nane. Alijua mguu wa mkewe ungefanya nini katika wiki nane. Akahesabu upya: mwezi wa nne baridi italegea, Ardis atakuwa anatembea, hapo atafungua kila kitu na kusema kila kitu. Mpaka hapo kazi yake ni kulipunguzia paa mzigo. Akawa anapanda juu kila siku kuondoa theluji kwa beleshi, hata siku iliyoanguka ya kufunika kidole tu.

Leroy alimwona kutoka kwenye greda lake, akasimama, akashusha kioo.

"Shemeji, unalinyoa hilo paa? Hebu liache liote ndevu kidogo!"

"Ni nzito."

"Nzito nini, mbona hata paka angelala juu yake! Unazeeka, Mel. Unakuwa kama mama yako, anayefagia mpaka msituni."

Melvin akainama, akaendelea kutupa theluji chini. Alitamani Leroy aondoke, na alipoondoka alitamani angerudi ili amwambie.

Akapunguza moto wa maji kidogo, kupunguza mvuke. Ardis alilihisi siku hiyohiyo.

"Mbona maji yamepoa?"

"Hayajapoa."

"Mel, nimepika supu miaka ishirini na minne. Usinifundishe maji ya moto."

Akaurudisha moto. Siku nyingine alisimamisha ngazi pale kwenye kona na nondo ya kung'olea mbao mkononi, akiwa ameamua. Akaweka ncha ya nondo chini ya ubao. Kichwa cha msumari kilikuwa na chozi jeusi la kutu. Nyuma yake akasikia bakora, tok, tok, na Ardis ameingia mlangoni kwa miguu yake miwili, amejaa furaha ya kumshtukiza.

"Unaifanyia nini dari yangu?"

"Naangalia taa."

"Taa iko kule." Akacheka. "Shuka, mzee. Mdogo wangu aliipigilia kwa mapenzi, iache."

Akashuka. Nitasema ninavyoona mimi: pale ndipo alipokosea zaidi, si Novemba. Novemba alikuwa na haraka. Pale alikuwa na nondo mkononi.

Wiki ya mwisho ya Februari baridi ikavunjika ghafla. Siku nne za uvuguvugu, kisha mvua juu ya theluji, jambo ambalo kila mwenye paa huku kwetu analiogopa, maana theluji iliyonyonya mvua inageuka tope la mawe. Alhamisi asubuhi Melvin alikuwa juu tangu kulipokucha. Beleshi halikusogea kama kawaida. Alipofika upande wa kona ile akaona ukingo wa paa umepinda chini, kidogo, upana wa vidole vitatu. Mtu mwingine asingeuona. Yeye aliuona, akasimama bila kupumua, na kutoka chini ya buti zake akasikia mlio mfupi, mkavu, wa ubao unaokata shauri.

Akatazama saa. Saa nne na robo.

Siku hizi Ardis alikuwa anaingia majini mwenyewe.

Alishuka ngazi ya nje kwa kuteleza, akaingia kwa mlango wa uani bila kupangusa theluji. Ardis alikuwa majini hadi kifuani, karibu kabisa na ngazi, ameiacha reli, anatembea kinyumenyume kama alivyoelekezwa. Juu yake mbao za mwerezi zilikuwa zimevimba tumbo. Tone likaanguka majini. Jingine. Halafu matatu pamoja.

"Mel! Mvua inanyesha humu ndani!" Alikuwa anacheka, amekinga kiganja.

"Ardis. Njoo huku kwangu."

"Nimalize kwanza. Duru nne."

"Njoo sasa hivi."

"Usinipigie kelele, mimi si mbwa wako."

"Ardis, dari inaanguka."

Akainua macho, akaona. Uso wake ukabadilika. Akafanya jambo ambalo yeyote angefanya: akageukia kwenye ngazi, njia pekee ya kutokea aliyoijua, na ngazi zilikuwa chini ya lile tumbo hasa.

"Siyo huko!" Melvin alipiga ukelele ambao hakuwahi kuupiga maishani mwake, akaruka majini na koti lake na buti zake. Maji yakamfika kifuani, yakamjaa kwenye buti, kila hatua ikawa ya kuvuta gogo. Akamkamata mkewe kwapani, akaanza kumvuta kurudi nyuma, kuelekea upande wa kina. Huko hakukuwa na ngazi. Kulikuwa na ukingo wa zege na vigae, unaofika shingoni. Juu yao kitu kikapasuka, na maji ya baridi kama ya kisima yakaanza kumwagika kwa mchirizi pale aliposimama Ardis kitambo kidogo tu kilichopita.

Wakafika ukingoni. Melvin akamshika kiuno, akamwinua. Ardis ni mwanamke mwenye mwili. Akafika nusu, tumbo juu ya vigae, mkono mzima unakwaruza kutafuta pa kushika, akateleza akarudi majini, akazama mpaka kichwani. Akaibuka anakohoa.

"Niache," alisema. "Toka wewe, niache."

"Nyamaza. Kanyaga paja langu. Sukuma!"

"Kwa mguu upi?"

"Yote miwili!"

Akainama majini mpaka kidevuni, akamwekea paja. Akahisi unyayo wa kulia ukikanyaga, kisha wa kushoto, ule uliokuwa umegoma tangu mwezi wa nne, ukatafuta, ukapata, ukasukuma. Ulisukuma kwa nguvu mpaka ukamwumiza. Ardis akapanda, akabingirika juu ya vigae, na Melvin akajivuta nyuma yake bila kujua ametumia nini.

Walikuwa wamelala kando ya ukuta dari ilipoachia. Mbao zilitangulia, kisha pamba iliyolowa, vipande vizimavizima vyenye uzito wa ng'ombe, kisha barafu, kenchi mbili zimevunjika katikati, na mwisho theluji ya nje ikamiminika ndani kama unga kutoka kwenye gunia lililochanika. Reli ya ngazi ilipinda hadi ikagusa maji. Wimbi likavuka ukingo likawapiga. Hewa ya nje ikakutana na mvuke, chumba kikajaa ukungu mweupe, na kwa muda mrefu hawakuonana ingawa walikuwa wameshikana.

Leroy ndiye aliyewatoa. Alisikia mshindo akiwa anakunywa kahawa kwake, akavuka barabara akiwa na soksi tu. Akambeba dada yake mgongoni kuzunguka nyumba, akamwingiza jikoni, akamfunika mablanketi yote aliyoyaona, akafunga mlango wa kwenda bwawani na kuusukumia meza kana kwamba ile theluji ingebisha hodi. Kisha akamtazama Ardis kama anahesabu viungo vyake. Alipoona vyote vipo, akaketi sakafuni, jitu zima lile, akaficha uso.

"Ni mimi," alisema. "Ni mikono yangu hii. Nilijifanya fundi. Nilikuwa na haraka ya kuonekana mwema, nikapigilia bila Mel kuwepo. Dada, nusura nikuue."

"Leroy, acha," Ardis alisema. Meno yalikuwa yanamgongana.

"Siachi. Mbao ni zangu. Kila msumari ni wangu."

Melvin alikuwa amesimama karibu na jiko, maji yanamchuruzika kwenye suruali na kufanya dimbwi. Kwa muda wa pumzi moja, pumzi moja nzima, aliona jinsi ambavyo ingewezekana. Leroy angelaumiwa, angesamehewa kesho yake, na angejitolea kujenga upya kwa machozi. Paa la Melvin lingekuwa limeangushwa na mtu mwingine. Nadhani ni pumzi hiyo atakayoijutia mpaka kufa, kuliko pengo lenyewe.

"Si wewe," alisema. "Nailoni ya kona ile haikuzibwa. Tepu iliniishia, duka lilikuwa limefungwa. Nikaibana kwa stepla nikaenda kambini."

Leroy akainua kichwa. Hakuonekana kushangaa kama Melvin alivyotegemea. Alionekana mgonjwa.

"Lile pengo nililiona," akasema polepole. "Tulipokuwa tunapigilia. Kijana wa Saari, mmoja wa wale wawili niliokuwa nao, akaniuliza, hii mbona imening'inia? Nikamwambia, mpumbavu wewe, hii ni kazi ya Mel Karvonen. Kama ameiacha hivyo, ana sababu yake. Labda ni ya kupumulia." Akafuta pua kwa kiganja. "Nikamcheka, shemeji. Nikamcheka mbele za watu."

Nyuma ya mlango kitu kingine kikaanguka majini.

Ardis alikuwa amemkazia macho mumewe. Mdomo wake, ambao tangu kiharusi ulikuwa unainama kidogo upande, ulikuwa umenyooka kwa kukazwa.

"Ulipokuwa kambini," alisema, "ulikuwa unalikumbuka?"

Melvin ni mtu wa maneno machache, na hili alitaka liwe la kweli.

"Kila siku."

"Na hapa? Mimi nikiwa majini, nahesabu duru kama chizi, wewe umekaa pale pembeni na taulo langu. Ulikuwa unalikumbuka?"

"Kila siku, Ardis. Ulikuwa unaanza kutembea. Nikasema mwezi wa nne..."

"Ungeniambia umesahau," alisema. Sauti yake haikupanda hata kidogo, na hilo lilimtisha Melvin kuliko kelele. "Mtu aliyesahau ningejua la kumfanya. Ningekufokea leo, kesho ningekupikia. Wewe ulijua, ukanishika kiuno ukanishusha pale chini kwa mkono wako. Mguu ni wangu, Mel. Kichwa kilichokuwa chini ya dari ni changu. Ungeniuliza. Labda ningekuambia niingie hivyohivyo. Lakini ungeniuliza."



Ardis akamgeukia mdogo wake. "Jumatatu utanipeleka kwenye bwawa la hospitali."

"Maili themanini, dada, na njia hii? Mimi niko kwenye greda hadi..."

"Basi nipeleke kwa greda. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mpaka barafu iishe."

"Lakini Mel yupo, Mel anaweza..."

"Nimekuambia wewe, Leroy."

Leroy akamtazama shemeji yake, akatazama sakafu, akasema sawa.

Ardis akasogeza blanketi, akaushika ule mguu wa kushoto kwa mikono yake miwili, akaanza kuusugua taratibu kutoka gotini kwenda chini, kama mtu anayemtuliza mtoto aliyeogopa. Hakuinua uso alipomsemesha tena mumewe.

"Na wewe kavue hayo yaliyolowa kabla hujaugua. Halafu mpigie Janelle, umwambie mwenyewe."

Melvin akaenda.